Hesabu yangu yasema naitrojeni haiwezi kutoka Titan. Tani 7 kwa siku zinapitia wapi?

Mwalimu_Njoro
Jumanne, saa 1:40 jioni

Habari za jioni wanajukwaa. Ninaandaa swali la wanafunzi wa mwaka wa pili kuhusu angahewa ya Titan, ule mwezi mkubwa wa Zohali, na jibu langu limegongana na vipimo vya Cassini, chombo cha anga kilichozunguka Zohali. Naomba mnikague.

Nilichukua ukingo wa juu wa angahewa, pale molekuli inapoweza kuruka bila kugongana na nyingine, kuwa kilomita 1,400 kutoka ardhini. Nusukipenyo cha Titan ni kilomita 2,575, kwa hiyo niko kilomita 3,975 kutoka kitovuni. Kasi ya kuponyoka hapo ni kilomita 2.12 kwa sekunde. Halijoto nimeweka kelvini 150. Uwiano wa mwanafizikia Jeans (λ), yaani nishati ya mvutano ukiigawa kwa kT (nishati ya joto ya molekuli), unakuja 51 kwa naitrojeni (N2), 29 kwa methani na 3.6 kwa haidrojeni (H2). Nikiweka molekuli milioni 10 za naitrojeni katika kila sentimita ya ujazo, fomula inanipa molekuli kama milioni 800 kwa sekunde kwa Titan nzima. Zinaonekana nyingi, lakini ukizipima uzito hazifiki hata maikrogramu mbili kwa mwaka.

Kisha nasoma kwamba Cassini ilipopita mkiani mwa Titan (mkondo wa chembe unaoburutwa nyuma yake) ilikuta haidrokaboni na chembe zenye naitrojeni zikivuja kwa kadirio la tani 7 kwa siku. Maikrogramu kwa mwaka, tani 7 kwa siku: hizi si tofauti za kurekebisha kwa desimali. Nimekosea wapi?

---

Nyota_ya_Dunga
Jumanne, saa 2:25 usiku

Mwalimu, hesabu yako ni sahihi. Nimeirudia na nimepata majibu yale yale. Na nimefurahi kuona umeanzia ukingoni, si ardhini. Ukitumia nusukipenyo cha ardhini na kelvini 94 za huko chini, uwiano wa haidrojeni unaruka kutoka 3.6 hadi 8.9, na ile sehemu ya fomula ya (1+λ) mara e kwa kipeo cha hasi λ inapungua zaidi ya mara 90. Wanafunzi wengi huanguka hapo.

Tatizo ni kwamba Jeans anahesabu molekuli isiyo na chaji, ambayo haina msaada wowote isipokuwa joto lake. Kilichoonekana mkiani ni plazma, yaani ayoni na elektroni, na hizo zina njia ambayo molekuli haina.

Tuanze na gharama ya safari. Chembe ya uzito wa atomu 28 ikitaka kufika kilomita 2.12 kwa sekunde inahitaji nishati ya elektronivolti 0.65 (nitaandika eV). Ya uzito wa 16 inahitaji 0.37. Haidrojeni ya uzito wa 2 inahitaji 0.047 tu. Sasa kT ya kelvini 150 ni 0.013 eV. Naitrojeni inadaiwa mara hamsini ya ilichonacho mfukoni, ndiyo maana ikakupa maikrogramu. Lakini ing'oe elektroni moja, kisha uiweke penye tofauti ya volti 0.65, na nauli yote imelipwa. Volti 0.65 haifiki nusu ya betri moja ya redio. Kwa hiyo swali la kuwapa wanafunzi ni hili: huko juu, volti zinatoka wapi?

Kabla ya volti, tujue nani anasafiri. Mwanga wa jua wa urujuanimno, pamoja na elektroni zenye nguvu kutoka kwenye ugasumaku (eneo la nguvu za sumaku) wa Zohali, huipiga naitrojeni ikawa N2+. Hiyo haidumu. Ikikutana na methani hutokea CH3+, nayo ikigonga methani nyingine inakuwa C2H5+, halafu hiyo ikikutana na HCN (sianidi ya haidrojeni) inakuwa HCNH+. Kwa hiyo ayoni zinazotawala kwenye kilele cha ayonosfia (tabaka la angahewa lenye ayoni), kilomita 1,000 hadi 1,200 hivi, ni za uzito wa 28 na 29, na idadi yake ni elfu kadhaa kwa sentimita ya ujazo. Juu zaidi unakuta pia za familia ya methani, kama CH5+ ya uzito wa 17.

Sasa volti ya kwanza. Elektroni ni nyepesi mno na zina joto kuliko ayoni. Chukua kelvini 1,000 kwa elektroni (Te) na 150 kwa ayoni (Ti). Elektroni zinataka kupaa, ayoni nzito zinataka kubaki. Zikianza kuachana tu, uga wa umeme unazuka kati yao na kuzirudisha pamoja: unazishika elektroni zisikimbie na papo hapo unazivuta ayoni juu. Nguvu ya mvuto huo ni uzito wa ayoni inayotawala, mara Te, gawa kwa (Te + Ti). Nitatumia uzito wa atomu kama kipimo cha nguvu, hesabu iwe fupi. Kama Te ingekuwa sawa na Ti, mvuto wa juu ungekuwa nusu ya 28, yaani 14. Ayoni ya uzito wa 2 inavutwa juu kwa 14 na chini kwa 2: inafyatuka. Ile ya 16 inavutwa juu kwa 14 na chini kwa 16: inabaki. Lakini kwa Te ya 1,000 na Ti ya 150, mvuto wa juu unakuwa 24. Hapo ya 16 inapaa, na ya 28 iliyobaki na uzito wa 4 tu inakaa angani kama imeinuliwa na mkono.

Anayejua kupepeta wimbi atalielewa hili bila fomula. Upepo ni ule ule kwa kila kilichomo ungoni. Makapi yanaruka, punje nyembamba zinasogea hadi ukingoni, punje nene zinarudi katikati. Joto la elektroni ndilo upepo. Ukiliongeza, punje zilizokuwa zinarudi zinaanza kuvuka ukingo.

Athari yake kwa ayoni ya 28 waonyeshe kwa kimo cha mpungufu, kile ambacho ukikipanda msongamano unapungua mara 2.7. Kwa g ya mita 0.57 kwa sekunde mraba huko juu, molekuli ya naitrojeni isiyo na chaji ina kimo cha kilomita 78. Plazma ya 28 yenye Te na Ti nilizotaja ina kilomita 600. Ndiyo maana plazma inaenea mbali juu ya gesi iliyoizaa.

---

Ampere_Kakamega
Jumanne, saa 3:10 usiku

Nyota ameeleza vizuri mlango wa kwanza. Mlango wa pili uko nje kidogo, na ni wa nguvu zaidi.

Titan haina sumaku yake yenyewe. Inazunguka Zohali kwa umbali wa kilomita milioni 1.22, na kwa kawaida hapo ingali ndani ya ugasumaku wa Zohali. Zohali inajizungusha kwa saa kumi na dakika arobaini hivi na inaiburuta plazma yake pamoja na ugasumaku. Titan yenyewe inatembea kilomita 5.6 kwa sekunde kwenye mzingo wake. Plazma ya Zohali inakuja kutoka nyuma kwa kama kilomita 120 kwa sekunde, inaipita, na ugasumaku wa hapo ni kama nanotesla 5.

Angahewa ya Titan haiishii ukingoni kabisa. Kuna utando mwembamba wa molekuli zinazopanda na kushuka, wa maelfu ya kilomita. Molekuli ya huko ikipigwa na mwanga ikapoteza elektroni, ghafla inauona uga wa umeme wa ile plazma inayopita: kasi mara ugasumaku, yaani 120,000 × 5 × 10^-9, unapata volti 0.0006 kwa mita, au volti 0.6 kwa kila kilomita. Ni uga mdogo. Ukiutandaza kutoka Kisumu hadi Nakuru kwa mstari ulionyooka utapata volti kama 90, chini ya nusu ya soketi ya nyumbani. Lakini ayoni ya 28 ilihitaji volti 0.65 tu kuponyoka, na hapa inazipata kabla haijamaliza kilomita mbili. Inadandia plazma ya Zohali kama kijana anayedandia matatu iliyokwisha kuondoka, na hairudi tena.

Ikishadandia inazunguka kwenye ugasumaku, na hapa ndipo hesabu inanoga. Nusukipenyo cha mzunguko ni uzito mara kasi, gawa kwa chaji mara ugasumaku. Kwa ayoni ya 28 unapata kama kilomita 7,000. Kwa ya 16 ni 4,000. Kwa haidrojeni ya 2 ni 500. Linganisha na nusukipenyo cha Titan, 2,575. Ayoni nzito inachora duara kubwa kuliko mwezi wenyewe! Kwa sababu hiyo upande mmoja wa Titan ayoni zinafyatuliwa nje na zinakwenda, na upande wa pili uga ule ule unazipeleka ndani, zinaanguka kwenye angahewa na kuipasha joto. Anayechora mkia wa Titan ukiwa sawa pande zote mbili amechora vibaya.

Nishati ya juu kabisa inafikiwa ayoni ikiwa juu ya duara, kasi yake ikiwa mara mbili ya plazma: kilomita 240 kwa sekunde, 8,400 eV kwa ya 28. Hii ni alama ya kutambulisha. Ukiona ayoni ya maelfu ya eV, imedandia. Ukiona ya eV chache au makumi, imetoka kwa njia ya Nyota.

Tahadhari moja ya hesabu: watu huweka uzito wa protoni halafu wanasahau kuzidisha kwa 28. Ukipata kilomita 250, umehesabu protoni.

---

Mwalimu_Njoro
Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Asanteni sana nyote wawili. Nimezipitia zote kwa kalamu na zinatoka. Limebaki moja linanisumbua. Uga wa Nyota, nikibadilisha zile 24 kuwa volti, ni milivolti 0.14 kwa kilomita. Uga wa Ampere ni volti 0.6 kwa kilomita, zaidi ya mara 4,000. Kama huu wa pili upo, mbona ayonosfia yote haifagiliwi? Na huu wa kwanza una kazi gani mbele ya jitu kama hilo?

Pia naomba mwenye kujua anieleze zile tani 7 zilipatikanaje. Sitaki kuwapa wanafunzi tarakimu wasiyoweza kuijenga upya.

---

Nyota_ya_Dunga
Jumatano, saa 1:35 asubuhi

Swali zuri. Uga wa kudandia ni kasi mara ugasumaku, na kasi haibaki 120 hadi chini. Plazma ya Zohali ikianza kubeba ayoni nzito za Titan inaelemewa na kupunguza mwendo. Ikikaribia ayonosfia, ambayo inapitisha umeme, inakuwa kama imesimama. Mistari ya ugasumaku nayo inarundikana upande inakotokea, inajikunja kuizunguka Titan, na ncha zake zinaburutwa nyuma. Fikiria wavu ulionaswa kwenye nguzo huku mkondo wa ziwa ukiendelea kuvuta pande zake mbili: mbele umejibana, nyuma umekuwa mikia miwili sambamba. Ndani ya wavu huo kasi ni ndogo, kwa hiyo uga wa umeme nao ni mdogo. Ule wa volti 0.6 unatawala nje tu. Ndani unabaki uga wangu mdogo, ambao hauhitaji mtu wa nje kuuleta.

Ila sitaki niuache ukionekana unatosha peke yake. Kwa kelvini 1,000, kT ya elektroni ni 0.086 eV. Uga wa aina hii hutoa jumla ya volti sawa na kT hiyo mara chache. Kwa haidrojeni inatosha na kubaki. Kwa uzito wa 28 unaokosa 0.65 eV, haitoshi. Unainua plazma hadi kwenye mistari iliyojikunja, kisha mistari yenyewe, kwa jinsi ilivyotanuka kama mpira wa manati, inaivuta plazma nyuma ikitaka kujinyoosha. Kazi ya kwanza ni kuinua, ya pili ni kuburuta. Pia kuna elektroni chache zilizong'olewa na mwanga zenye makumi ya eV. Hizo zikikimbia kwenye mstari ulio wazi zinaongeza volti za kuwavuta wengine. Usiwafundishe kwamba ni sababu moja.

---

Menengai_2278
Jumatano, saa 7:15 mchana

Nijibu la tani 7.

Chombo kilichotumika ni CAPS, kifaa cha kupima plazma ndani ya Cassini. Kilikuwa na kipimo cha elektroni na kipimo cha ayoni, miongoni mwa vingine. Kilizimwa moja kwa moja mwaka 2012 kwa sababu ya hitilafu ya umeme, kwa hiyo data yote ya mkiani ya CAPS ni ya kabla ya hapo. Mapito ya Cassini karibu na Titan yaliyotumika zaidi kwa kadirio hili ni T9, T63 na T75. T9 ilikuwa tarehe 26 Desemba 2005, Cassini ikapita zaidi ya kilomita 10,000 kutoka Titan, upande wa mkia.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba plazma unayoiona imetoka Titan, haikuja na mkondo wa Zohali. Hapa elektroni ndizo shahidi. Heliamu ya jua hutoa mwanga wa nanomita 30.4, fotoni moja ina 40.8 eV. Ikiing'oa elektroni kutoka kwa naitrojeni na kuiacha ayoni katika hali yake ya kwanza ya msisimko, 16.7 zinatumika na elektroni inaondoka na 24.1 eV. Ukichora idadi ya elektroni dhidi ya nishati, unaona kinundu chembamba hapo hapo kwenye 24. Mkondo wa Zohali hauna kinundu hicho. Kikionekana umbali wa kilomita 10,000 nyuma ya Titan, basi mstari wa sumaku unaopita kwenye chombo umeunganika na upande wa Titan unaopigwa na jua. Na kilionekana.

Hatua ya pili ni uzito wa ayoni. Kipimo cha kwanza hutoa nishati kwa chaji, si uzito. Lakini ayoni zikitembea kwa kasi moja, nishati inazipanga zenyewe: kwa kilomita 10 kwa sekunde, ya 1 ina 0.5 eV, ya 2 ina 1, ya 16 ina 8.3, ya 28 ina 14.5. Ndipo unaona vilima viwili, kimoja karibu na 16 na kingine karibu na 28, pamoja na zile nyepesi. Kwa uhakika zaidi CAPS ilipitisha ayoni kwenye utando mwembamba wa kaboni na kupima muda wa kuruka baada ya hapo. Ubaya wake ni kwamba molekuli huvunjika kwenye utando. CH5+ inaingia nzima, inatoka kaboni na haidrojeni. Inabidi uikusanye tena kwa hesabu.

Hatua ya tatu ni kuzidisha: msongamano mara kasi mara eneo la mkia mara uzito. Mfano wa kuwapa wanafunzi (tarakimu za zoezi, si vipimo): ayoni 5 kwa sentimita ya ujazo, kilomita 10 kwa sekunde, mkia wa mviringo wenye nusukipenyo cha Titan 1.5, uzito wa wastani 20. Zitatoka ayoni 2.3 × 10^24 kwa sekunde, na uzito wa karibu tani 7 kwa siku.

Sasa wapi panaharibika. Chombo chenyewe kina chaji. Kikiwa volti 2 chanya, ayoni ya 1 eV haifiki mlangoni, utadhani haidrojeni haipo. Kikiwa hasi, kila ayoni inaonekana na nishati zaidi ya ile iliyo nayo. Sahihisha hilo kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Tena mwendo wa Cassini mbele ya Titan ulikuwa kama kilomita 6 kwa sekunde, hivyo ayoni ya 28 iliyosimama tuli huonekana na 5 eV. Usiipe kasi isiyo yake. Halafu CAPS haikuona anga lote kwa mara moja. Kama mkondo ulitoka upande ambao haukuwa mbele ya dirisha lake, msongamano utakuwa wa chini.

Kubwa kuliko yote ni eneo. Chombo kinapita mkiani kwa mstari mmoja kama uzi, halafu wewe unadai unajua upana wa mkia mzima. Ukiongeza nusukipenyo kwa asilimia 41, tani 7 zinakuwa 14. Kwa hiyo chukulia tani 7 kama ukubwa wa jambo, na ukikutana na makadirio mengine ya mara mbili au nusu yake, hayapingani.

---

Sondu_kwa_Maji
Jumatano, saa 2:05 usiku

Nimefuata yote kwa makini. Maswali mawili mafupi. Kwa tani 7 kila siku, angahewa hiyo itakwisha lini? Na sisi hapa Ikweta, plazma yetu haivuji hivyo hivyo?

---

Ampere_Kakamega
Jumatano, saa 2:50 usiku

La kwanza: kanieneo ya ardhini Titan ni paskali 146,700, g ni 1.35. Gawa, unapata tani 109 juu ya kila mita ya mraba. Zidisha kwa eneo la Titan, angahewa nzima ni kama 9 × 10^18 kilo. Tani 7 kwa siku ni kilo milioni 2.6 kwa mwaka. Kwa miaka bilioni 4.5 ni 1.2 × 10^16, yaani asilimia 0.13. Kwa kasi ya leo haimalizi kitu. Jua changa lilitoa urujuanimno mwingi zaidi, kwa hiyo zamani uvujaji ulikuwa mkubwa kuliko huu.

Na ili mizani ikae sawa: ile haidrojeni ya uwiano 3.6 inatoka kwa joto lake yenyewe, bila umeme, takriban molekuli 10^28 kwa sekunde. Hizo ni kilo 33 kila sekunde, karibu tani 2,900 kwa siku. Inatoka kwenye methani inayovunjwa na mwanga. Kinachotishia methani ya Titan ni kuvunjwa huko, kunakoweza kuimaliza kwa makumi ya mamilioni ya miaka isipojazwa tena. Ukitaka kuona plazma ikitoka kwa wingi wa kweli, nenda kwa Io, mwezi wa Mshtarii wenye volkano: karibu tani moja kila sekunde.

La pili: sisi tuna sumaku ya Dunia. Ikweta ya sumaku inapita kaskazini yetu, huko Ethiopia, na ukanda huu wote mistari ya sumaku imelala zaidi kuliko kusimama. Plazma ikiinuliwa mchana na uga wa umeme haiwezi kuikata ile mistari, inateleza juu yake na kushuka kaskazini na kusini. Inazunguka tu, haitoki. Inayotoka Duniani hutokea hasa kwenye ncha za Dunia, ambako mistari imesimama na iko wazi, kwa njia ile ile ya elektroni aliyoieleza Nyota. Kwetu athari yake ni nyingine: baada ya jua kutua, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba, mapovu ya plazma hafifu hupanda na kutikisa mawimbi ya GPS. Mpima ardhi wa Maseno akiona mahali pake panarukaruka saa 2 usiku, asikimbilie kulaumu kifaa.

---

Mwalimu_Njoro
Alhamisi, saa 1:10 asubuhi

Nimeandika zoezi. Sehemu (a) ni Jeans kwa gesi tatu, (b) mvuto wa juu kwa Te tofauti na kutafuta ni Te gani inayoanza kuinua ayoni ya 16, (c) duara la kudandia, (d) tani kwa siku. Kwa (b) nimepata kwamba 28 × Te/(Te + Ti) inapita 16 Te ikifika mara 1.33 ya Ti, yaani kelvini 200 tu kwa Ti ya 150. Mnaafiki? Kwa (d) lakini, tarakimu za Menengai zinanipa kilo 0.7 kwa siku badala ya tani 7.

---

Menengai_2278
Alhamisi, saa 1:30 asubuhi

(b) ni sahihi. Ongeza swali dogo: kwa nini jibu hilo halifai kama ayoni inayotawala ni ya 16 badala ya 28?

(d) umekosa kwa 10^4, ndiyo alama ya sentimita za mraba. Eneo lako ni 4.7 × 10^13 kwa mita za mraba, lakini msongamano na kasi umeviweka kwa sentimita. Ama ubadilishe eneo liwe 4.7 × 10^17 na kasi iwe 10^6, ama uandike ayoni 5 kama milioni 5 kwa mita ya ujazo na kasi 10^4. Usichanganye. Data ghafi ya CAPS ipo wazi kwenye hifadhi ya PDS ya NASA, kitengo cha plazma. Wanafunzi wakitaka kuichora bila kuandika programu, watumie AMDA, zana ya mtandaoni ya Wafaransa huko Toulouse: wachague Cassini, elektroni, tarehe 26 Desemba 2005, na mhimili wa nishati wauweke wa logi, la sivyo kile kinundu cha 24 eV hawatakiona.